Ofisi Zinazoitwa Visiwa

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kongamano la kitaaluma mjini Napoli, Italia. Jioni moja nilitembea kutoka stesheni kuu ya reli hadi Centro Direzionale, mkusanyiko wa majengo marefu ya ofisi uliosanifiwa na Mjapani Kenzo Tange mwaka 1982 na kukamilika mwaka 1995. Humo mna mahakama, Baraza la Mkoa wa Campania na makampuni. Mnara mrefu kuliko yote una mita 129.

Msanifu apewe haki yake: wazo lilikuwa jema. Magari aliyapitisha chini, juu akawaachia waendao kwa miguu viwanja vipana. Lakini saa za kazi zilipokwisha, viwanja vile vilibaki vitupu, ilhali upande wa pili wa stesheni mitaa ya kale ilifurika watu na nguo zimeanikwa madirishani.

Kilichonigusa zaidi ni anwani. Majengo yale yamegawanywa katika kile wanachokiita isola, yaani kisiwa, na kila kisiwa kina herufi na namba yake. Baraza la Mkoa, kwa mfano, liko Kisiwa F13. Nilimkuta mzee mmoja, bahasha kwapani, akilinganisha namba iliyo kwenye barua yake na zile za ukutani. Sikuwa na Kiitaliano cha kumsaidia. Nikamkumbuka marehemu baba.

Baba alifundisha shule ya msingi kwa miaka 33. Alipostaafu, alifuatilia mafao yake katika jengo moja refu. Ghorofa ya tatu walimwelekeza ya saba. Ya saba wakamwambia jalada limerudishwa ya tatu. Lifti ilikuwa mbovu. Aliporudi nyumbani alisema, "Mwanangu, serikali iko juu mno."

Ndugu msomaji, sipingi maghorofa. Taifa linahitaji ofisi zenye hadhi, nasi tunaendelea kujenga Mji wa Serikali pale Mtumba, Dodoma. Ninachouliza ni hiki: katika michoro yetu, mwananchi mwenye bahasha kwapani amewekwa wapi? Nani ameandaliwa kumpokea mlangoni na kumwambia, "Shikamoo mzee, karibu, jalada lako hili hapa"?

Baba hakuisikia kauli hiyo. Mafao yake tuliyapokea sisi wanawe, miezi minne baada ya kumzika.