Cheti Kwenye Jalada

Katika miaka ya 1990 nilikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati moja ya shamba. Jokofu letu lilitumia mafuta ya taa, na ndani yake mlikuwa na kipimajoto kimoja. Kila asubuhi na jioni nilikisoma, nikaandika. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na daftari langu halikuwa na siku hata moja iliyotoka nje ya mipaka hiyo. Nililionea fahari.

Mwaka mmoja kipimajoto kilipelekwa mjini kufanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo kingine chenye usahihi uliothibitishwa. Kilirudi na cheti chenye mhuri. Niliutazama mhuri, nikatoboa karatasi, nikaitia kwenye jalada ili mkaguzi akija nimwonyeshe. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya cheti.

Miezi minne baadaye akaja mzee mmoja, msimamizi wa chanjo. Alikiomba cheti, lakini hakuhangaika na mhuri, alisoma jedwali.

"Dada, hapa wameandika: kikisoma 2, joto halisi ni -1. Leo kinasoma ngapi?"

Kilikuwa kinasoma 2.

Siku zote niliogopa joto, kumbe baridi nayo huharibu. Chanjo ya pepopunda ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Tuligandisha chupa moja kwa makusudi. Kesho yake tukaiyeyusha, tukaitikisa pamoja na moja ya zile nilizokuwa nikizitumia, tukaziweka mezani. Mashapo yalituama kwa mwendo mmoja. Zetu pia zilikuwa zimeganda.

Ikabidi wajawazito niliowachoma sindano waitwe upya. Mmoja aliniuliza, "Kwani ile ya kwanza ilikuwa maji?" Sikuwa na jibu.

Tulipunguza utambi wa jokofu. Kisha nikanakili jedwali lile na kulibandika mlangoni: kikisoma 2, ondoa 3, kikisoma 8, ondoa 2. Daftarini nikaongeza safu mbili, ya sahihisho na ya joto halisi. Kila cheti kipya kilipokuja nilikilinganisha na cha zamani, nione kama kosa limekua.

Cheti hakikitengenezi kipimo kibovu. Humwambia mwenye kukitumia kinakosea kwa kiasi gani, na kusahihisha kunabaki mikononi mwake. Mimi nilipewa ukweli ule mapema, nikautoboa matundu mawili na kuufungia kabatini.