Kivungulio si blanketi

Wakazi wengi wa jiji hudhani kwamba ukishajenga kivungulio, ile nyumba ya plastiki ya kukuzia mboga, umemaliza vita na mvua na baridi. Sivyo. Kwetu sisi tunaoishi Kinoo, viungani mwa Nairobi, vita vyenyewe huanzia humo ndani.

Mwaka wa 2024 tulivijua vyema. Mvua ya masika ya mwaka huo ilileta mafuriko Mathare na msiba mkubwa wa Mai Mahiu mnamo Aprili 29. Shule zilizotarajiwa kufunguliwa siku hiyo hazikufunguliwa hadi Mei 13, na watoto wangu wawili walikuwa nyumbani wakila mchana na usiku. Baba yao alikuwa amepoteza kazi mwezi wa Februari. Miche 60 ya nyanya iliyokuwa nyuma ya nyumba haikuwa mchezo wa kupitisha wakati. Ilikuwa karo ya muhula.

Mama mkwe, aliyelima viazi Nyandarua kwa miaka mingi kabla ya kuja kukaa nasi, ndiye aliyeona dalili za kwanza: madoa ya kahawia, kana kwamba majani yamemwagiwa maji moto.

"Mwanangu," akaniambia, "huu ni ule ugonjwa wa viazi."

Alisema kweli. Nyanya na kiazi ni jamaa moja. Ugonjwa huo, unaoletwa na kimelea ambacho wataalamu hukiita Phytophthora infestans, ndio ulioangamiza viazi nchini Ireland kuanzia 1845 na kuleta njaa iliyoua takriban watu milioni moja. Hupenda hali ya ubaridi na majani yaliyolowa.

Baba watoto alitaka tufunge kila upenyo ili nyanya zipate joto. Mama alikataa. Alitupeleka ndani alfajiri, akatuonyesha matone yaliyoning'inia kwenye plastiki. Mchana hewa ya humo hubeba unyevu. Usiku ikipoa, unyevu huo hugeuka maji na kudondokea majani. Kufunga ni kuujengea ugonjwa nyumba.

Basi kila asubuhi tukawa tunakunja plastiki ya pande mbili, hata manyunyu yakiendelea, mradi paa linakinga mvua. Tulitia maji shinani tu, tena asubuhi, wala si jioni. Tulikata majani ya chini yaliyogusa udongo.

Lililokuwa gumu ni kung'oa. Mama alitaka miche 22 itolewe, na mingi ilikuwa na matunda mabichi. Mume wangu alinyamaza kimya. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya kreti ngapi zingefika soko la Wangige. Hatimaye tuling'oa, watoto wakabeba kwa magunia, tukafukia kwenye shimo refu mbali na bustani. Miche 38 iliyosalia tuliinyunyizia dawa, na hatukuchuma kabla ya kuisha kwa siku zilizoandikwa kwenye mkebe.

Nje ya kivungulio tuliinua matuta na kuchimba mitaro ili maji yasituame. Sukuma wiki haiogopi baridi, na ndiyo iliyotulisha kipupwe chote cha Juni na Julai.

Nyanya zilizoiva zililipa nusu ya karo. Nusu nyingine tulimwomba mwalimu mkuu atuvumilie, naye akakubali. Lakini tusingeng'oa ile 22, naamini tusingekuwa na hata hiyo nusu ya kumpelekea.

Mpendwa msomaji, ukiwa na kivungulio, hata kidogo, usingoje jua ndipo ukifungue. Wahenga walituhimiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Huenda hawakuwa wakifikiria nyanya za masika: kwa hizo, ufa ndio dawa.