Gari la Mjomba Linauzwa
Gari la mjomba wangu, Land Rover Series III, linauzwa hapa Diaca. Bodi ya alumini ni ileile; injini ya petroli imetolewa, ikawekwa ya dizeli ya Toyota, na springi za nyuma zimeimarishwa. Marekani, wenye Mustang za zamani huongeza nguvu ili gari likimbie. Mjomba aliongeza ili libebe. Mwaka 2020, vita vilipotukimbiza, lilipanda mlima hadi Mueda na watu kumi na wanne. Sasa mnunuzi anataka kupunguziwa bei, eti injini si ya asili. Mimi naona kinyume: bila injini hiyo, muuzaji mwenyewe asingekuwepo. Mjomba anahitaji mabati ya nyumba iliyoungua, na bei hashushi.