Marufaa ya Mwalimu

Sisi ni ndugu wawili, maseremala wa hapa Ifakara, na kosa tunalolisimulia ni letu wenyewe.

Mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu alitujia mzee aliyetufundisha madrasa tulipokuwa wadogo. Akatuomba tumtengenezee marufaa ya kuwekea msahafu, apate kuitumia Ramadhani. Tulikuwa na ubao mzuri wa mtiki, na kazi yenyewe haizidi siku tatu: ubao mmoja hupasuliwa, pande zake zikafungamana katikati bila msumari hata mmoja.

Usiku ule ule tukachora nakshi ya suke la mpunga. Ikatupendeza. Asubuhi likaja wazo la mawimbi ya mto, jioni likaja la nyota. Kila wazo lilikuja na furaha yake, nasi hatukutaka kulifungia mlango. Daftari likajaa, ubao ukabaki umeegemea ukuta. Mwalimu alipita mara mbili kuulizia.

“Bado tunachora, mwalimu,” tukamjibu.

“Haya wanangu, Allah awawezeshe.”

Tarehe 27 Shaabani tukaletewa habari ya msiba wake. Tulipokwenda kuhani, tuliuona msahafu wake juu ya kasha la sabuni lililotandikwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyetulaumu. Tulitamani walau mmoja angetulaumu.

Baada ya hapo tukajiwekea sheria kali: kila mchoro nusu saa, kwa saa ya ukutani. Likawa kosa la pili. Michoro ilitoka kwa wakati, lakini yote ilifanana. Mikono ilichora na moyo haukuwamo.

Somo tulilipata kwa mama yetu, mkulima wa mpunga. Mto Kilombero hujaa kwa wakati wake, na hakuna awezaye kuuamuru. Lakini mama hangoji maji yafike ndipo alime. Mvua za mwanzo humkuta jembe li mkononi. Na akishapanda, hang'oi miche kwa kuwa jirani amemwonesha mbegu nyingine.

Siku hizi daftari hukaa juu ya meza ya kazi. Wazo likija, hata saa ya msumeno, tunalichora kwa mistari michache na kurudi kazini. Kuchagua kuna wakati wake: siku moja kwa kila kazi, baada ya Alasiri. Tunaweka mbele michoro mitatu tu, na adhana ya Magharibi ikisikika, mmoja umekwisha chaguliwa. Baada ya Alfajiri tunapasua mbao. Michoro iliyobaki haitupwi. Nayo itampata mwenyewe.

Suratul Asr tuliihifadhi mbele ya mwalimu huyo huyo, tukiwa hatujatimiza miaka saba. Tulijua kuisoma kwamba Allah ameapa kwa zama. Tulichelewa kujua kwamba zama hizo zilikuwa pia za mzee aliyekuwa akitungoja.

Marufaa tuliimaliza kwa siku tatu, tukaipeleka madrasani kwake. Nakshi yake ni suke la mpunga, ule mchoro wa usiku wa kwanza.

Tunamuomba Allah Subhaanahu Wataala amrehemu mwalimu wetu, aijaalie kila herufi isomwayo juu ya ubao ule iwe nuru katika kaburi lake, na atusamehe sisi. Amin.