Sekunde Arobaini

Kila anayetaka kuanza kutengeneza biti nje ya kompyuta huuliza swali lile lile: ninunue mashine gani? Na wanaojibu huanza na bei, wakaja kwenye idadi ya pedi, wakamalizia na orodha ndefu ya mambo ambayo mashine inaweza kufanya. Mimi nililibeba swali hilo miezi minane. Kompyuta nilikuwa nayo, na FL Studio ilikuwamo. Lakini kazi yangu ni kushinda mbele ya skrini nikiingiza hesabu za watu, na jioni nilitaka kitu cha kubonyeza kwa vidole, kitu kisichopokea barua pepe.

Orodha yangu ilibaki na sampla tatu. Ya kwanza ilikuwa SP-404MKII ya Roland, iliyotoka mwaka 2021: pedi kubwa 16, nafasi tele ya kuhifadhi sauti, na vikorombwezo vya kuipinda sauti hadi mwenyewe asiitambue. Ilipotoka iliuzwa takriban dola 500 za Marekani. Ya pili, Model:Samples ya Elektron, ilionekana kama imeundwa kwa ajili ya mwanafunzi, maana karibu kila kazi ina kitasa chake. Lakini pamoja na jina lake, yenyewe hairekodi. Sauti unaziandaa kwenye kompyuta kisha unazihamishia humo, na kompyuta ndiyo niliyokuwa naikimbia. Ya tatu ilikuwa PO-33 ya Teenage Engineering, ya mwaka 2018. Inalingana na kikokotoo cha muuza duka, haina hata ganda, saketi iko wazi. Ina maiki, spika ndogo na betri mbili. Kumbukumbu yake yote ni sekunde 40.

“Sekunde arobaini utaweka nini?” rafiki yangu aliniuliza akicheka. Yeye ana maelfu ya sauti za ngoma kwenye diski yake.

Nilimwambia kuhusu SP-1200 ya E-mu, ya mwaka 1987, iliyojenga sehemu kubwa ya hip hop ya New York. Ilibeba sekunde 10 tu. Maprodyuza walikuwa wanaipiga santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45 ili kipande kiwe kifupi kiingie, halafu ndani ya mashine wanakipunguza mwendo kirudi kilivyokuwa. Safari hiyo ilikiacha na mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo watu wanaitafuta hadi leo. Akasema sawa, hao walikuwa na santuri. Wewe una nini?

Swali hilo lilinifaa kuliko yote niliyoyasoma kwa miezi minane.

Baba yangu ni seremala, Keko. Miaka zaidi ya thelathini amesimama kando ya randa ya umeme bila kuziba masikio. Mwaka huo daktari alimpima, akatueleza kwamba kelele huanza kula sauti nyembamba, na kilicholiwa hakirudi. Ndiyo maana Baba husikia kwamba ninasema, lakini “s” na “f” zinampotea, na sentensi inamfikia ikiwa na matundu. Hakulalamika. Kilichomsumbua ni mbao. Siku zote alinunua mninga kwa kuugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: uliokauka hujibu, mbichi hunyamaza. Sasa aligonga mara mbili, mara tatu, kisha akamtazama kijana wake wa kazi usoni.

Nikanunua ile ya sekunde 40.

Jumamosi ya kwanza niliipeleka karakana. Msumeno wa mkono nilimpa sekunde 3. Randa ya mkono, 4. Niliiweka kwenye nafasi ya ngoma, mashine ikaikata yenyewe vipande 16. Nyundo, 2. Msasa, 3. Kifundo cha Baba juu ya mninga mkavu nilikipa sekunde 1 tu, kikatosha, kwa sababu nafasi za muziki hukipandisha na kukishusha kipande hadi mgongo mmoja unakuwa ngazi nzima ya sauti. Sauti yake akisema “Shika hapo, mwanangu, usiachie”, sekunde 3. Unapohesabu hivi huwezi kurekodi ovyo. Unasikiliza kwanza, ukiuliza kila sauti inastahili muda gani.

Wiki mbili baadaye niliunganisha mashine na spika kubwa ya jirani, nikaiweka juu ya meza ya kazi. Msasa haukumfikia kabisa. Lakini nyundo na mgongo wa mninga vilikuwa vinapita kwenye ubao, na Baba aliweka kiganja mezani kama anavyopima kama meza imekaa sawa. Alikaa hivyo mizunguko mitano au sita.

“Huyo anayegonga ana haraka,” akasema. “Msumari utapinda.”

Nikashusha kasi. Akatikisa kichwa, bado. Nikashusha tena, mpaka biti ikawa nzito kuliko chochote ambacho ningekitengeneza mwenyewe. “Hapo,” akasema, akarudi kwenye kitanda alichokuwa anakipiga msasa.

Kwa hiyo ukiniuliza mashine gani ya kuanzia, nitakuuliza kwanza unataka kuweka nini. Mwenye sauti za kwenye diski ananunua tofauti na mwenye sauti zinazoondoka.

Zimebaki sekunde 24. Rafiki yangu ananishauri niongeze besi. Mimi nasubiri Baba apate mbao mbichi, nimwombe aigonge.