Haya na Maradhi ya Ukomo wa Hedhi

Busunzu, katika wilaya ya Kibondo, ni nchi ya vilima, mahindi na maharage, na jembe aghalabu limo mkononi mwa mwanamke wa makamo. Hedhi hukoma kwa wanawake walio wengi kati ya miaka 45 na 55. Joto la ghafla na jasho la usiku huweza kusimuliwa shambani. Lakini ukavu wa uke, maumivu ya tendo la ndoa na mkojo usiosubiri ni siri ambayo hata dada haambiwi. Mume asiyejua hudhani amekataliwa. Tena joto hupungua miaka ipitapo, hali ukavu huelekea kuzidi.

Sababu yake si uchafu wala uchawi. Homoni iitwayo estrojeni ipunguapo, ngozi laini ya uke na ya njia ya mkojo hukonda, na asidi iliyokuwa mlinzi dhidi ya vijidudu hufifia. Mwanamke huugua mkojo, hupewa vidonge, hupona, hurudi. Umri wake huandikwa daftarini kila mara, na swali liufuatalo umri huo haliulizwi.

Kwa wasioweza kutumia homoni, hasa waliougua saratani ya matiti, mionzi ya leza ilipokewa kwa tumaini kubwa. Hutia vijeraha vidogo mno, ili mwili ujenge ngozi mpya. Tumaini lilitangulia ushahidi. Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya juu ya kuungua, makovu na maumivu. Na matokeo ya jaribio la Sydney, yaliyotolewa mwaka 2021, hayakuonyesha tofauti ya maana, baada ya miezi 12, baina ya waliopata leza ya kweli na waliopata ya kuigiza.

Basi mwanamke wa Busunzu asiuze mbuzi kuifuata mashine hiyo mjini. Vipo vilainishi vya maji, mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kwa mkojo uvujao, na, kwa ambaye daktari amemruhusu, krimu ya estrojeni kidogo ipakwayo ukeni. Sabuni ya kuoshea ndani na iachwe, kwani huzidisha ukavu. Damu itokayo baada ya mwaka mzima bila hedhi ni jambo jingine kabisa. Hiyo hupelekwa hospitali upesi. Mengine yote yaweza kuanzia zahanati, siku muuguzi atakapofunga mlango na kuuliza taratibu, “Mama, tangu hedhi ikome, kuna kinachokuuma?”