Tulikwenda Lamu Kumleta Mama



Barabara ya Lamu ina adabu yake. Haimruhusu msafiri kuwa na haraka, hata siku hizi ambapo lami imefika Mokowe. Basi letu liliondoka Mombasa mara baada ya swala ya alfajiri, na jua lilikuwa linachomoza tulipovuka daraja la Kilifi. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake watu walivushwa kwa feri. Mume wangu, aliyekuwa mtoto zama hizo, huwasimulia wanawe habari za foleni ya feri kila tunapopita hapo, nao kila mara humsikiliza kwa utulivu wa abiria waliokwisha kufungwa mikanda.

Baada ya Malindi tulivuka mto Sabaki, maji yake yamegeuka rangi ya udongo uliochukuliwa kutoka bara, kisha nchi ikakunjuka tambarare hadi Garsen kwenye mto Tana. Tukapita Witu, mji ambao leo msafiri huutazama dirishani kwa dakika chache, lakini katika karne ya 19 ulikuwa na sultani wake, Ahmed Simba, aliyeingia mkataba na Wajerumani. Njiani kuna vizuizi vya polisi, ambapo abiria huteremka, wakajipanga, wakaonyesha vitambulisho, wakapanda tena. Kitindamimba wetu, mwenye umri wa miaka 6, alisikitika kwa kuwa hana kitambulisho, akamwonyesha askari jino lake lililong'oka. Askari aliliridhia.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Sisi ni ndugu watatu, na mama yetu anaishi peke yake Lamu tangu baba yetu alipofariki, Allah amrehemu. Mwaka jana mama aliteleza katika ngazi za nyumba yake, akaumia kiuno. Alipona, alhamdulillahi, lakini sisi watoto tuliingiwa na hofu isiyotoka. Kaka yetu mkubwa akaitisha kikao cha familia, tukakubaliana kwamba likizo ya Agosti mimi na mume wangu twende tukamlete mama Mombasa. Chumba kilikwisha kupakwa rangi. Kaka alinunua begi kubwa jipya la kutilia nguo zake, nasi tukasafiri nalo likiwa tupu.

Ajuaye mji wa Lamu atajua kwamba begi tupu ni barua iliyofunguliwa. Tuliposhuka kwenye boti iliyotutoa Mokowe, hamali mmoja alilinyanyua, akalipima kwa mkono mmoja, akatutazama, akanyamaza. Hakuuliza neno. Lakini tulipofika mlangoni kwa mama, jirani wa kwanza alitulaki kwa maamkizi, kisha, hata hajamaliza kuuliza habari za Mombasa, akasema, "Basi mwaja kumtukua mama yenu?" Habari ilikuwa imetutangulia, nayo haikupanda punda.

Kwa wasiofika Lamu, hapana budi nieleze kidogo namna mji huo ulivyojengwa, kwa sababu hoja zote tulizozisikia baadaye zilitoka katika majengo hayo. Mji wa kale wa Lamu umeingia katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia tangu mwaka 2001. Nyumba zake za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Mbele ya mlango pana daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe, ambapo mgeni huketi kabla ya kukaribishwa ndani. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda aliyebeba mizigo akija, mwenye adabu humpisha, na asiye na adabu humpisha pia. Mahali pengine kuna wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, ili watu wa nyumba hii wavuke hadi ile bila ya kukanyaga njiani.

Mji wa namna hii hauna siri. Ukikohoa usiku, asubuhi utaletewa tangawizi. Jioni ile ya kwanza, baina ya magharibi na isha, majirani walianza kuja mmoja mmoja, kila mmoja na sahani mkononi na hoja kinywani. Wa kwanza alileta mikate ya mofa na kutukumbusha kwamba mama ndiye anayewafundisha wasichana wa mtaa kusoma Qur'ani kila alasiri. Wa pili alileta samaki wa kupaka na kuuliza, kwa upole mwingi, kama Mombasa kuna birika la samaki. Wa tatu hakusema kitu; aliweka halwa mezani, akalitazama begi, akaaga. Mume wangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wakija wengine wawili, tutahitaji begi la pili la kubebea hoja, na yeye mwenyewe atahitaji mkanda mpya.

Watoto wetu nao walikuwa na mitihani yao. Wamezaliwa Mombasa, na Kiswahili chao cha nyumbani ni kizuri, lakini Kiamu cha bibi yao ni bahari nyingine. Asubuhi ya kwanza mama alikuwa kiwandani, ndani ya nyumba, akamwita kitindamimba, "Ndoo!" Mtoto akaenda msalani, akarudi amebeba ndoo. Mama akaicheka, akaiweka kando, akaita tena, "Ndoo, mwanangu!" Mtoto akatazama ndoo, akamtazama bibi, akaenda kutafuta ndoo ya pili. Ilibidi nimweleze kwamba kwa watu wa Lamu "ndoo" ndiyo "njoo". Tangu hapo amekuwa akitujibu sisi sote kwa neno hilo, na chakula kikiwa tayari hutuita kwa sauti kuu, "Ndooni!" hata watu wa nyumba ya jirani wakaitika.

Na samaki wa birika, waliotajwa na yule jirani, wako kweli. Katika nyumba nyingi za kale, birika la maji lilifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mama bado anao. Kitindamimba aliwapa majina wote, na kwa kuwa wanafanana sana, kila siku aliwapa majina mapya.

Aliyeleta jambo lililotufanya tukae chini na kufikiri ni kifunguamimba wetu, binti wa miaka 12, mwenye mapenzi ya hesabu. Siku ya pili, bila ya kutumwa na mtu, aliamua kuhesabu kila "hodi" iliyopigwa mlangoni kwa bibi yake. Alichora vijistari katika daftari, tangu alfajiri hadi magharibi. Alipata 19. Wengine walikuja kurudisha bakuli, wengine kuazima mbuzi ya kukunia nazi, wasichana walikuja na misahafu yao, na wawili walipita tu kusema kwamba wamepita. Kisha akaniuliza, bila ya hila yoyote, "Mama, kwetu Mombasa hupigwa ngapi?"

Nilifanya hesabu moyoni. Sisi tunakaa ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ikilala, wazee nao hulala ndani. Majirani zetu ni watu wema. Tunasalimiana ngazini na kupeana futari mwezi wa Ramadhani. Lakini kila mlango una geti la chuma, kila mtu hutoka asubuhi na kurudi usiku, na mwenye kubisha mchana aghalabu ni mleta gesi au mleta maji. Mama aliwahi kukaa nasi miezi miwili. Kila jioni aliniuliza ni nani mgonjwa katika jengo, nami sikuwa na jina la kumpa. Alishangaa, akasema jengo lenye watu wengi hivi lisilo na mgonjwa hata mmoja lina baraka kubwa.

Usiku wa siku ile, watoto walipolala, mimi na mume wangu tulikaa na mama kiwandani, kahawa tungu katikati yetu, na kaka yangu kwenye simu kutoka Mombasa. Kaka alisema maneno ya haki. Alisema ngazi ndizo zilizomwangusha mama, na kwamba wajibu wa watoto kwa mzazi hautekelezwi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ngazi ziliniangusha, kweli. Nawe uliza ni nani waliniinua." Tukakumbuka. Siku ile alipoteleza aliita mara moja tu. Jirani wa upande wa pili alimsikia kupitia dirishani, akaja na wanawe, wakamchukua hospitalini kabla sisi hatujapigiwa simu. "Hapa nikiita sauti moya," akasema, "huitikiwa na nyumba tatu. Huko juu kwenu nikiita, ataitika nani?"

Kaka akanyamaza kidogo, kisha akataja haki za wazazi katika Qur'ani. Mama, ambaye ni mwalimu, akamwambia aisome tena aya ya 36 ya Suratun-Nisaa. Kaka ana hifadhi nzuri, hakuhitaji msahafu. Katika aya hiyo wazazi wametajwa, na majirani wametajwa, wa karibu na wa mbali, na wote wamo katika amri moja ya kutendewa wema. Kwenye simu palikuwa kimya. Sidhani kama nimewahi kumwona mama akishinda mjadala kwa kutumia hoja ya mpinzani wake kwa upole kama ule, na kuna wakati alimlea wakili.

Ila si haki kumdhania mama kwamba anakimbia mabadiliko. Siku ya tatu alitutembeza mjini, akiwa na fimbo yake, akasimama kila mahali kusalimiana. Alituonyesha Ngome, iliyojengwa baina ya mwaka 1813 na 1821, akawaambia watoto kwamba yeye alipokuwa kijana lilikuwa jela, na jela hiyo haikuondolewa hapo hadi mwaka 1984. Leo watoto wa shule huingia na kutoka humo kwa furaha. Tulipita msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, ambapo kila Mfungo Sita wageni wa maulidi hufurika kutoka pwani nzima na ng'ambo. Pikipiki ilitupita karibu na bahari, mama akaifungia pua kwa mtandio, lakini akakiri kwamba ilipokuja ilimfikishia mwenzake dawa upesi. Alisema habari za bandari mpya upande wa bara, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, akaomba Mola iwape vijana kazi na isiwanyime wavuvi riziki. Mambo hubadilika, alisema. La muhimu ni mtu kujua lipi la kuliachia lipite na lipi la kulishika mkono.

Tukapatana hivi. Mama atabaki kwake, lakini hatalala tena juu. Chumba cha chini kilisafishwa siku ileile, na fundi seremala aliitwa kutia mshikio imara katika ngazi. Binti wa mjomba wetu, anayesoma chuo hapo Lamu, atahamia kwake, naye amefurahi kwa sababu ya mofa kuliko kwa sababu yetu. Sisi ndugu watatu tutapeana zamu, kila mwezi mmoja wetu asafiri akae naye siku kadhaa, na nauli itatoka katika mfuko wa pamoja. Kwa upande wake, mama amekubali kuja Mombasa mara mbili kwa mwaka kupimwa macho na kiuno. Alitoa sharti moja tu: tiketi ya kurudi aishike mkononi kabla ya kuondoka. Baada ya Ramadhani ijayo tutakaa tena tuyapime mapatano haya, kwa sababu umri haurudi nyuma na hatupendi kujidanganya.

Begi lile jipya halikurudi tupu. Lilijaa mikate, achari, halwa, na mtungi mdogo wa ubani, hata hamali akahitaji mikono miwili. Kaka alilipokea Mombasa, akalifungua, akala mkate wa kwanza kimyakimya. Zamu ya mwezi wa kwanza aliiomba mwenyewe.

Wapo miongoni mwenu, ndugu wasomaji, wanaopanga kumhamisha mzazi, na kila nyumba ina hali yake. Yuko mzazi ambaye kuhamishwa ndiyo salama yake, na yuko ambaye salama yake ni daka lake. Ninalowausia ni jambo dogo tu. Kabla ya kupaka rangi chumba, nendeni mkae naye siku tatu, na mmoja wenu azihesabu hodi. Mkizikuta ni nyingi, waulizeni waliozipiga mnaweza kuwasaidia nini. Mkizikuta ni chache, basi mmeshajua la kufanya.

Allah awahifadhi wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na awalipe kheri majirani wanaoitikia sauti ambazo sisi tuko mbali mno kuzisikia. Amin.